Mashine ya presha ya mkono wa juu, ya kifundoni au baiskeli ya mazoezi? Mgonjwa katoka baipasi

Zuu_wa_Tabata:
Wakuu habari za jioni. Nyumbani kuna mgonjwa amefanyiwa upasuaji wa moyo, ule wa baipasi. Nina laki mbili na nusu na mwisho wa mwezi nataka ninunue kitu kimoja cha maana. Nimezunguka Kariakoo nimeona vitu vitatu: mashine ya presha ya kufunga mkono wa juu, ile ndogo ya kifundoni (kifundo cha mkono), na baiskeli ya mazoezi ya ndani, imetumika lakini nzima, na muuzaji anashuka bei. Mwenyewe naipenda ile ya kifundoni. Nipeni uzoefu.

Kipanga_Mbagala:
Dada, tuanze na mgonjwa. Ana umri gani? Kapasuliwa lini? Ana sukari? Anavuta sigara? Anameza dawa gani? Kapasuliwa hapa JKCI, ile Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, au India? Bila hayo utajibiwa na kila mtu na hutapata jibu.

fundi_redio:
Ya kifundoni achana nayo. Nashughulika na hivi vifaa, najua zinavyorudishwa dukani. Ile inataka mkono uinuliwe usawa wa moyo na usitikisike. Mzee akiuweka pajani inasoma juu kuliko ukweli, akiinua sana inasoma chini. Nunua ya mkono wa juu, basi.

Chuma_Chakavu:
Fundi unauza za mkono wa juu ndio maana 😂 Mimi ya kifundoni natumia na iko vizuri tu. Nina mkono mnene, mkanda wa kawaida haufungi.

fundi_redio:
Kuna mikanda mikubwa, mkuu. Kwenye boksi wanaandika saizi kwa sentimita, kuna ya 22 mpaka 32, nyingine inafika 42. Unapima mzunguko wa mkono katikati ya bega na kiwiko. Mkanda ukibana sana, presha inasomeka kubwa ya uongo. Mkono ukizidi mikanda yote, hapo sawa, kifundoni patumike.

Zuu_wa_Tabata:
Ahsanteni. Ni mzee wa miaka 63. Presha anayo siku nyingi. Dawa ni nyingi, kuna vidonge vidogo vyeupe vya asubuhi na kingine cha usiku.

Nesi_Mstaafu:
Mwanangu, "vidonge vidogo vyeupe" ni nusu ya famasi nzima. Soma majina kwenye vikasha. Nategemea uone aspirini ndogo, dawa ya kolesteroli (atovastatini au rosuvastatini), ya kutuliza mapigo kama bisoprololi, na ya presha. Moja ikikosekana usimwongezee wewe, ulizeni kliniki kwa nini haipo. Wakati mwingine daktari ana sababu zake.

Halafu mmeng'ang'ania mashine tu. Baipasi haijaponya ugonjwa. Wamechukua mshipa wa mguuni, wa kifuani au hata wa mkononi wakapitisha damu pembeni ya palipoziba. Kilichoziba ile ya zamani kinaweza kuziba na mipya, na ule wa mguuni ndio huchoka mapema. Kwa hiyo unafuatilia mambo manne kwa pamoja. Presha, wengi tunalenga chini ya 130/80. Kolesteroli mbaya, LDL, wataalamu wa Ulaya wanataka chini ya 1.4 mmol/L kwa mtu wa namna hiyo. Sukari, kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu (HbA1c), karibu na asilimia 7 kama anayo. Sigara, sifuri. Umetaja presha peke yake. LDL ya mwisho ilikuwa ngapi?

Mpemba_Halisi:
Mashine za nini nyie. Wazee wetu Chake walikula pweza wa nazi na muhogo, wakaenda baharini mpaka miaka themanini, hakuna aliyejua LDL ni mdudu gani. Mpe kitunguu saumu punje mbili asubuhi na mlonge. Hizo hela nunua samaki.

Kipanga_Mbagala:
Waliokufa na arobaini hukuwahesabu, mkuu.

Mama_Collin:
Naomba niongee kidogo kuhusu hizi dawa za pembeni, kwa sababu nyumbani yametukuta.

Kaka yangu mkubwa alifanyiwa baipasi, akatoka vizuri, akawa anatembea mwenyewe mpaka sokoni. Shida ilikuwa kifua, ule mfupa waliokata ulikuwa unamuuma usiku. Hakutusumbua, akaenda duka la dawa la mtaani akaeleza "mifupa inauma", wakampa diklofenaki. Zikamsaidia. Zikiisha anarudi, na hakuna aliyemuuliza ana ugonjwa gani mwingine. Wakati huohuo kuna mtu alikuwa anamuuzia unga wa mimea, akamwambia dawa ya kolesteroli inaua ini. Akaiacha kimyakimya, kikasha kipo mezani kila siku, sisi tunaona dawa zipo tukajua anameza.

Miguu ikaanza kuvimba. Tukasema ni ule mguu waliochukua mshipa. Baadaye ikavimba yote miwili. Na hiyo mashine ya kifundoni tulikuwa nayo! Leo inasema 170, dakika mbili baadaye 138, tukaamua ni mbovu tukaitupa droo. Mpaka usiku mmoja akawa hawezi kulala chali, anakaa kitandani anahema kama katoka mbio. Tulipofika hospitali daktari hata hakuanza na moyo, aliuliza "anameza dawa gani za maumivu?" Ndio tukaelezwa kwamba jamii ile ya diklofenaki na ibuprofeni inabakiza chumvi na maji mwilini, inapandisha presha, inaumiza figo, na mtu wa baipasi haimfai. Parasetamoli ndiyo anayotumia sasa, kwa kiwango alichoambiwa. Na LDL ilikuwa imerudi juu kama vile hajawahi kutibiwa.

Kwa hiyo Zuu, kabla ya mashine, fungua vikasha uhesabu vidonge vilivyobaki.

Mpemba_Halisi:
Pole sana dada. Lakini unga wa mimea na kitunguu saumu si kitu kimoja.

Nesi_Mstaafu:
Kwenye mchuzi, kitunguu saumu ale, ni kiungo. Kukiweka badala ya dawa ndiyo hapana.

Zuu_wa_Tabata:
Mmenitisha. Nimesoma vikasha, aspirini ipo, atovastatini ipo, bisoprololi ipo, na ya sukari, metformini. Kumbe sukari sikuwaambia. Yuko wiki ya tano tangu upasuaji, JKCI hapo Muhimbili. Sigara anasema ameacha ila nyuma ya tangi la maji tunaokota vichungi.

Na kuna jambo jingine. Mzee ni baba mkwe wangu. Mume wangu yuko kazini Mtwara, mama mkwe macho hayaoni vizuri. Mimi siwezi kwenda kumkunja baba mkwe shati nimfunge mkanda begani. Ndiyo maana naitaka ya kifundoni, ataivaa mwenyewe.

Chuma_Chakavu:
Ahaaa, uzi ulikuwa umefichwa chini ya mkeka!

Kipanga_Mbagala:
Hiyo ungeanza nayo, dada. Una mtoto? Mjukuu ndiye wa kumfunga babu. Watataniana hapo, na mzee hatakasirika.

Zuu_wa_Tabata:
Ninaye, wa darasa la sita. Anaweza?

fundi_redio:
Darasa la sita anatengeneza simu, atashindwa mkanda? Babu akae kwenye kiti chenye mgongo dakika tano bila kuongea, miguu chini asiipishanishe, mkono uegemee mezani. Asinywe kahawa nusu saa kabla. Apime mara mbili waandike zote mbili kwenye daftari. Siku ya kwanza wapime mikono yote miwili, baada ya hapo watumie ule uliosoma juu.

Nesi_Mstaafu:
Kama walichukua mshipa mkononi, waulizeni kliniki kwanza mkono upi. Na wiki ya tano baiskeli isubiri. Mfupa wa kifua unataka mpaka wiki 12 kushika vizuri, na hizo baiskeli za kusukuma kwa mikono ndizo mbaya zaidi. Asibebe ndoo ya maji, asisukume geti. Atembee. Tabata asubuhi kabla ya jua, barabara isiyo na mlima, kila siku azidishe kidogo. Aweze kuongea huku anatembea. Kifua kikibana au akihema vibaya, asimame, na isipotulia ni hospitali moja kwa moja.

Mama_Collin:
Na sigara? Mbona mnaipita?

Kipanga_Mbagala:
Mkamwana amwambie mkwewe aache sigara? Hiyo ni vita.

Mpemba_Halisi:
Atafutwe dada yake mzee. Shangazi akija na buibui lake akakaa sebuleni siku moja, sigara itaisha.

Chuma_Chakavu:
Yangu aliniachisha daktari aliponiambia nitarudi mezani kupasuliwa tena. Mwambieni daktari kabla ya kliniki, amuulize yeye.

Zuu_wa_Tabata:
Shangazi yuko Ilala, nitampigia. Na chakula je? Tunatumia mawese na nazi sana.

Nesi_Mstaafu:
Punguza vyote viwili, tumia alizeti na kwa kiasi. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na ng'onda na vile vidonge vya mchuzi.

Mpemba_Halisi:
Nimejua mtafika kwenye nazi. Nazi imewakosea nini?

Nesi_Mstaafu:
Mafuta yake yanapandisha LDL, kaka. Sijasema ni haramu. Tui jepesi, mara moja moja.

Mpemba_Halisi:
Tui jepesi ni maji ya kuoshea mikono.

Chuma_Chakavu:
😂😂 Jamani alizeti ya Singida ile ya kwenye madumu mnaiamini? Mimi nimeanza kuona mchanganyiko.

fundi_redio:
Ya mashine ya kukamua ukiiona kwa macho yako ndiyo ya kuamini. Kuna jamaa Kimara anakamua hapohapo.

Kipanga_Mbagala:
Kimara ipi, Mwisho au Baruti?

Zuu_wa_Tabata:
Mwanangu amempima babu mkono kwa futi ya cherehani, ni sentimita 34. Kwa hiyo ule mkanda wa 22–32 haumtoshi? Na bado mzee mwenyewe anataka baiskeli, ameiona kwenye picha.

Mbishi_wa_Baiskeli:
Hiyo baiskeli ya Kariakoo bado ipo? Nitumie namba ya muuzaji.

Mpemba_Halisi:
Hamjanijibu ya nazi.