Vipande vya mapafu kwenye parafini: Raman au infraredi?

kijana_wa_masta
Wakuu habari za saa hizi. Niko masta, nina vipande vya mapafu ya watu vyenye makovu ya TB, kibali cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba) ninacho, vililowekwa formalini vikaingia kwenye parafini (nta ya mishumaa) na sasa viko kwenye slaidi za kioo hizi za kawaida za patholojia. Nataka nisome kolajeni (protini ya makovu) na mafuta bila kupaka rangi, kwa mwanga tu. Msimamizi kasema chagua mwenyewe kati ya Raman (unapiga leza, unasoma mwanga unaorudi umebadilika) na infraredi (unasoma mwanga gani umemezwa), na mashine zote ni za kuazima chuo kingine, nikichemka foleni inaanza upya. Nyie mngeenda na ipi?

Mzee wa Leza
Infraredi kwa hizo slaidi sahau mkuu. Kioo kinameza kila kitu chini ya 2000 hivi (namba hizi ni sm⁻¹, mahali kilele kinapokaa kwenye spektra) na protini zako ziko 1650 na 1545, yaani utapima kioo. Labda ukate upya ubandike kwenye kalsiamu floraidi, bei yake utalia, au upate ATR ya almasi, ile infraredi inayopima kwa kugusa uso wa kipande. Nenda Raman, leza ya nanomita 785. Kioo nacho kinasumbua kule 1300 mpaka 1400 ila foili ya aluminiamu ya jikoni inamaliza hiyo kesi, izungushie slaidi mpya isiwe na mikunjo ndo ubandike kipande kipya. Kolajeni itafute 855 na 938, hapo ndo kwenye prolini na haidroksiprolini, amino asidi zake, na 1003 ni fenilalanini, amino asidi nyingine, inakupa protini kwa ujumla.

Mama Patho
Mdogo wangu habari ya mafuta itoe kwenye proposo. Hicho kipande kimepita alkoholi na zailini, mafuta mengi yameshayeyuka zamani, na yale ya kwenye vifuko vya hewa yanayozuia mapafu yasisinyae nayo usiyategemee. Ukitaka mafuta tafuta tishu mbichi iliyogandishwa, tena bila ile jeli ya kugandishia maana nayo ina vilele vyake. Na parafini itoe kwelikweli, vilele vyake ni 1063, 1133, 1296 na 1441, huyo wa mwisho anakaa karibu kabisa na 1450 ya tishu yako, ukimsahau utaandika sura nzima ya tasnifu kuhusu mshumaa 😂

dr_masizi
Hakuna aliyegusia madoa meusi. Mapafu ya mtu mzima aliyepikia mkaa au kuvuta sigara yana masizi, kwenye darubini unayaona kabisa, na leza ikitua hapo kipande kinaungua unaangalia, kinabaki kitundu, na spektra yote inageuka vilele viwili vinene karibu 1350 na 1590, kaboni tupu. Anza na nguvu ndogo, piga picha ya eneo kabla ya kupima, weka alama kwenye kila doa. Ila usiyatupe hayo masizi, mimi naona ndo yenye utamu kuliko hata kolajeni, angalia kama makovu yanayazunguka.

kijana_wa_masta
Daah asanteni sana, mafuta nayatoa. Mashine ya karibu ina leza ya 532 tu, haitoshi?

Mzee wa Leza
Kwa mapafu hapana, floresensi (mng'ao wa tishu yenyewe ikipigwa leza) itafunika kila kitu. Subiri ya 785. Leza ya 1064 inapunguza zaidi floresensi lakini mwanga wa Raman unaorudi ni kiduchu, utakaa kwenye nukta moja mpaka ukome.