Naomba ushauri: darasa moja, viwango vitatu vya Kiingereza

Walimu wenzangu, hamjambo. Nafundisha Gredi ya 3 huku Eastleigh, watoto 58 chumba kimoja. Wachache wanasoma hadithi ya Kiingereza bila kukwama. Wengi wanaelewa ukisema, lakini wakijibu ni Kiswahili au Sheng. Halafu kuna sita waliojiunga muhula huu. Nyumbani wanaongea Kisomali, na Kiingereza ndiyo kwanza wanaanza kukisikia.

Jana niliwapa picha ya soko waieleze. Mmoja alimaliza sentensi tano nikiwa bado nagawa karatasi. Msichana wa dawati la nyuma alinakili tarehe kutoka ubaoni, akaifuta, akaiandika tena, mpaka karatasi ikatoboka. Iliniuma sana.

Nimejaribu kuwaketisha hodari na wageni, ila hodari anaishia kumwandikia mwenzake. Kipindi ni dakika 30 tu, na mwakani, Gredi ya 4, masomo karibu yote yatakuwa kwa Kiingereza.

Aliyewahi kushika darasa kama hili, kazi moja unaipangaje ili kila mtoto apate sehemu yake? Na hao sita, niwaanzishie mazungumzo kwanza au herufi? Tafadhali nisaidieni.