Makumbusho ya mji mdogo kuuza michoro ili yasifungwe: mnaunga mkono?

Wadau, paa linavuja, viingilio havitoshi hata kulipia umeme, na stoo imejaa vitu vya thamani. Bodi ya makumbusho iruhusiwe kuuza baadhi ili jumba lisifungwe?

Mfano ninaoufuatilia ni Berkshire Museum, mjini Pittsfield, jimbo la Massachusetts, Marekani. Lilianzishwa mwaka 1903 na Zenas Crane, mwenye kiwanda cha karatasi, na ndani mna kila kitu: michoro, historia, samaki hai, hata maiti iliyohifadhiwa ya Misri ya kale. Mwaka 2017 bodi ikatangaza kuuza kazi 40 za sanaa. Mbili zilikuwa michoro ya Norman Rockwell, mchoraji maarufu na mkazi wa eneo hilohilo, aliyewapa kwa mkono wake. Mmoja unaonyesha duka la kinyozi usiku: limefungwa, unachungulia kupitia dirishani, na chumba cha nyuma taa inawaka, wazee wanapiga muziki. Wanawe Rockwell wakaenda mahakamani. Mwaka 2018 mahakama ya juu ya jimbo ikaruhusu mauzo yasiyozidi dola milioni 55. Mchoro huo wa kinyozi sasa ni mali ya makumbusho ya Los Angeles, upande wa pili wa nchi.

Mimi napinga. Kitu chenye nakala tatu stoo, kiuzwe, sina neno. Lakini aliyetoa mchoro wake ili majirani wauone hakuwapa dhamana ya benki. Nani atatoa tena?

Karibuni.

*Mchangiaji 1:* Mkuu, jumba likifungwa hao majirani wataona nini? Milango? Bora michoro 22 iondoke (ndiyo iliyouzwa mwishowe) kuliko watoto wa shule kukosa pa kwenda.

*Mchangiaji 2:* Tatizo ni matumizi ya pesa. Kanuni ya wakurugenzi wa makumbusho ya sanaa Marekani ilikuwa kwamba pesa ya mauzo inunue kazi nyingine tu, si mishahara wala paa. Mwaka 2020, korona ilipobana, wakailegeza kwa muda. Na adhabu ipo: Northampton, Uingereza, halmashauri iliuza sanamu ya Misri ya Sekhemka mwaka 2014 kwa zaidi ya pauni milioni 15, makumbusho yake yakavuliwa ithibati (utambuzi rasmi wa ubora), na ithibati ndiyo inayofungua mlango wa ruzuku. Hesabu hiyo mmeipiga?

*Mchangiaji 1:* Ruzuku yenyewe ingekuwepo, wangeuza?

*Mleta mada:* Hapo umenibana kidogo. Ila Pittsfield mkataba na kampuni ya mnada ulisainiwa kabla wananchi hawajaambiwa lolote. Wangeanza kwa kubandika orodha mlangoni, wakayauliza majumba ya jirani kama yanaweza kununua, ndipo waende mnadani, hata mimi ningepunguza sauti. Walifanya kinyume.