Uliyegundulika una ADHD (hali ya akili kushindwa kutulia kwenye jambo moja) ukiwa mtu mzima, njoo tupeane uzoefu

Tabata_Segerea:
Wakuu habari za jioni. Leo nilienda kikao cha wazazi shuleni kwa mtoto wa dada yangu, yupo la nne, mwalimu akafungua ripoti akasoma "ana akili ila hatulii, hamalizi kazi". Mwili uliniisha nguvu. Maneno hayohayo yaliandikwa kwenye ripoti zangu kila muhula mpaka namaliza la saba, na fimbo juu. Nimeitwa kichwa panzi, mzembe, akili kazikalia. Kazini barua za onyo za kuchelewa na wala sio kwamba siamki, naamka saa kumi na moja, naenda kuchukua funguo naona nguo hazijaanuliwa, naanua, naona ndoo iko tupu, nafungulia maji, nakuja kushtuka saa mbili hiyo na chai sijanywa.

Nimepimwa mwaka jana nina miaka 36. Yule mama mwanasaikolojia kitu cha kwanza aliniambia nije na ripoti za shule ya msingi kama zipo na mtu aliyenilea. Nikaenda na mama. Akaulizwa tu huyu alikuwaje akiwa mdogo, basi mama akafunguka, alivyokuwa ananifuata shuleni na daftari, nilivyokuwa narudi na kiatu kimoja. Halafu akanyamaza, akasema "kumbe nilikuwa nampiga bure." Nililia palepale.

Waliopitia haya, karibuni mseme. Habari za uvivu sitaki kuzisikia.

Fundi_Umeme:
Kurudi na kiatu kimoja! Aisee nilijua ni mimi peke yangu.

Mzee_wa_Mbezi:
Samahanini wanangu, lakini haya magonjwa ya kwenye simu yatatumaliza. Sisi tulisoma darasa moja watu tisini na hakuna aliyekuwa na hiyo ADHD.

Zawadi_T:
Shikamoo mzee wangu. Wale waliokaa nyuma wakaitwa vilaza wakaacha shule unadhani walikuwa na nini? Na hii si ya kwenye simu. Daktari wa Uingereza, George Still, aliwaelezea watoto wa aina hii London mwaka 1902, na kabla yake Crichton wa Scotland aliandika kuhusu watu ambao mawazo yao hayatulii sehemu moja, hiyo ni 1798. Simu zilikuwa wapi? Jina la ADHD ndo la juzi, 1987.

Mzee_wa_Mbezi:
Marahaba. Sijamtukana mtu, nasema tu tusiwape watoto visingizio.

Mama_Nai:
Ngoja na mimi niseme maana hili nimekaa nalo moyoni sana. Nilikuwa mweka hazina wa kikoba chetu cha kina mama huku Mbagala, walinichagua wenyewe sababu wananijua sina mkono mrefu. Desemba tunavunja kikoba, siku moja kabla nikaenda kutoa hela, milioni tatu na kitu, nikarudi nazo kwenye mfuko wa kaki nimeufunga na kitenge kiunoni. Nimeingia tu ndani simu inaita, mtoto analia, maharage yanaungua, mteja mlangoni anataka gauni lake la send-off maana mimi ni fundi cherehani. Asubuhi hela sizioni. Nimetafuta chini ya kitanda, kwenye viatu, nimechana mpaka mto. Wenzangu wakaja wakakaa kwenye mkeka uani, hakuna anayeongea, mwenyekiti akaniambia "mama Nai sema tu umempa nani". Wengine wakasema chuma ulete. Mume wangu akasema hata yeye hanielewi, na hilo ndo liliniumiza kuliko yote. Nikauza cherehani zote mbili, nikauza makochi na friji, nikakopa kwa kaka yangu, nikawalipa mpaka shilingi ya mwisho. Nikaacha kutoka nje, sokoni namtuma Nai.

Mwezi wa pili mchele wa kila siku umeisha, nikafungua ile ndoo ya mchele wa Kyela aliotuletea mkwe, tulikuwa hatuigusi. Nachota, kikombe kikagonga kitu. Ule mfuko. Niliufukia mwenyewe mwizi asiuone na sikumbuki kabisa, hata sasa hivi nikijaribu kuvuta picha haipo.

Fundi_Umeme:
Mungu wangu. Zilikuwepo zote?

Mtoto_wa_Mwananyamala:
Kwanza uliwaambia wenzako au ulikaa kimya?

Mama_Nai:
Zote. Niliita kikao nikawaonyesha mfuko na punje za mchele ndani. Wawili waliniomba msamaha wakilia. Mwenyekiti hanisalimii mpaka leo, anasema ulikuwa mchezo.

Kaka_wa_Ilala:
Dada pole, ila hapo usidanganyike na mambo ya hospitali, hiyo ni chuma ulete kabisa. Tafuta mtu akusomee dua nyumba nzima.

Fundi_Umeme:
Chuma ulete gani inarudisha hela mkuu?

Kaka_wa_Ilala:
Usidharau imani za watu.

Mama_Nai:
Dua nasomewa na nasali mwenyewe kaka yangu, sijaacha. Lakini aliyenifanya nilale usiku ni mwanasaikolojia niliyemwona baadaye. Msiligombanie jambo langu jamani.

Dada_Mshauri:
Mimi ni mwanasaikolojia, nipo hapahapa Dar, na wengi ninaokaa nao ni watu wazima wa hali hii, hasa kina mama. Mtu hapimwi kwa maandishi kwahiyo nasema kwa ujumla. Kitu ulichokiweka wakati akili iko kwenye mambo manne mengine kinaweza kisirekodiwe kabisa, ndo maana mtu anatafuta picha kichwani haipo. Sio uongo huo wala wizi.

Kuhusu kupimwa, dalili lazima ziwe zilikuwepo kabla ya miaka 12, ndo sababu ya kuombwa ripoti za shule. Kwa mtoto zinatafutwa dalili sita kati ya tisa, kwa mtu mzima tano, na ziwe zinakuharibia sehemu zaidi ya moja, sio kazini tu. Pia lazima tuangalie usingizi, sonona, tezi ya shingo, maana navyo vinamvuruga mtu akili. Wasichana wengi wanapita bila kuonekana kwa sababu hawapandi juu ya madawati, wanakaa kimya dirishani mawazo yako mbali, mwalimu anaandika "mpole".

Halafu watu wanadhani ukishapewa majibu kazi imeisha. Kwangu ndo inaanza. Wiki za mwanzo mtu anafurahi, baadaye anakuja na hasira, analilia shule aliyoacha, ndoa iliyovunjika, fimbo alizokula. Simharakishi. Kuna swali nawauliza: ukisahau kitu, neno la kwanza unalojiambia ni lipi, na hiyo sauti ni ya nani? Wengi wananitajia mwalimu, shangazi, baba. Tukishajua ni ya nani ndo tunaanza kuitoa. Kujikubali sio kuacha kulipa deni. Mama Nai alilipa yote. Kujikubali ni kulipa bila kujiita mwizi.

Tabata_Segerea:
Dada umenigusa. Yangu ni ya mwalimu wa hesabu la tano.

Zawadi_T:
Na dawa je? Mimi saikolojia imenisaidia lakini bila dawa nisingemaliza masters.

Mtoto_wa_Mwananyamala:
Dawa hapana, utakuwa teja.

Dada_Mshauri:
Mimi siandiki dawa, anayeandika ni daktari wa magonjwa ya akili, Muhimbili wapo. Metilfenideti, dawa mojawapo ya ADHD, imejulikana tangu 1944, na ipo kwenye mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 wa dawa zinazodhibitiwa, kwahiyo ni kwa cheti tu na unafuatiliwa presha na mapigo ya moyo. Za kununua mkononi Kariakoo achaneni nazo.

Fundi_Umeme:
Mimi sijatumia dawa. Spana na tester zina ukuta wake, nimechora umbo la kila kimoja, pakiwa wazi najua nimeacha site. Na bosi nilimwambia ukweli.

Zawadi_T:
Bosi usimwambie! Mimi nilisema, kesho yake ofisi nzima wananiita mgonjwa.

Fundi_Umeme:
Wa kwangu alinipa msaidizi. Inategemea na mtu.

Mzee_wa_Mbezi:
Nimesoma yote. Nina kijana wangu ana miaka 41, amebadilisha kazi kila mwaka na tulishaacha kuongea. Binti mshauri, mtu wa umri huo akija anatakiwa aje na mzazi?

Dada_Mshauri:
Akikubali mwenyewe, baba, ndiyo, inasaidia sana. Lakini muulize kwanza, usimpangie siku. Na usianze na ADHD, anza na salamu.

Mama_Nai:
Mpigie leo mzee wetu.

Kaka_wa_Ilala:
Hapo naunga mkono.