Rangi iliyokaukia kwenye sinki, fremu na bawaba: itoke vipi bila mikwaruzo?

Mama Nyalenda: Jamani, wenye nyumba walileta watu wa rangi hapa ninapokodi, wakapaka bila kufunika chochote. Sinki la stenlesi limejaa matone meupe ya rangi ya maji. Fremu za alumini za dirisha zina rangi ya mafuta, na bawaba za shaba za mlango zimepakwa mpaka skrubu hazionekani. Jirani ananihimiza nisugue kwa waya wa sufuria. Nifanyeje?

Fundi Kondele: Mama, huo waya weka kando kabisa. Utakwaruza stenlesi, na vipande vyake vikibaki hapo vitashika kutu. Jik, ile dawa ya kutoa madoa kwenye nguo nyeupe, nayo usiiache ilale kwenye sinki, inalitoboa vidotovidoto. Laza kitambaa chenye maji moto na sabuni juu ya matone mpaka yalegee, kisha kwangua kwa kadi kuukuu ya benki. Litakalokataa, lipanguse kwa spiriti.

Rangi ya mafuta kwenye fremu inataka thina, lakini kidogo tu kwenye kitambaa. Usiimwage, itaharibu ule mpira unaoshika kioo. Fungua madirisha yote na uzime jiko, hata la makaa.

Bawaba ndizo kazi tamu. Zitoe, uzichemshe polepole kwenye kopo la chuma la maziwa ya unga, maji na kijiko cha magadi, yale yale ya kulainishia mboga ya mitoo. Rangi inakunjamana na kubanduka kama utando wa maziwa. Tafadhali usitumie sufuria yako! Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na magadi huila alumini. Kwa sababu hiyo hiyo, magadi yasiguse fremu za dirisha.

Wa Section 58, Nakuru: Naongezea: kama nyumba ni ya zamani, rangi ya chini inaweza kuwa na madini ya risasi. Usipige msasa mkavu, vumbi lake ni sumu kwa watoto. Hayo maji ya bawaba yasimwagwe kwenye sukuma wiki, na kopo lisirudi jikoni.

Mama Nyalenda: Asanteni sana. Sasa fundi, skrubu zenyewe nitazifungua vipi na zimezibwa?

Fundi Kondele: Chokoa ule mfereji wa kichwa kwa ncha ya msumari, ingiza bisibisi, igonge kidogo kwa nyundo ndipo uzungushe. Kabla ya hapo pitisha wembe kuzunguka bawaba yote, la sivyo itabanduka na rangi ya mlango. Na toa moja moja, mlango usikuangukie.