Tangazo lilisema "watoto bure", tumerudi na deni: kampuni za meli za kitalii ziache kuficha gharama!

Wakuu, tumerudi safarini siku nne zilizopita na hasira bado haijanishuka. Mtaniwia radhi kwa ukali wangu, ila sitaki familia nyingine iingie kichwa kichwa kama sisi.

Mimi, mwenzangu na watoto wawili, wa miaka 7 na 10, tulidunduliza miaka miwili kwa ajili ya safari yetu ya kwanza ya meli, siku 7. Tangazo lilisema watoto bure. Tukapiga hesabu ya nauli ya watu wazima wawili, tukaweka na akiba kidogo ya dharura, tukalala usingizi.

Kumbe kilicho bure ni nauli peke yake! Kodi na ada za bandari mtoto analipiwa kama mtu mzima. Halafu ikaja bahshishi. Miaka yote najua bahshishi ni hiari ya anayetoa. Kwenye meli hii inakatwa yenyewe kila siku, dola 16 kwa kila kichwa, na mtoto wa miaka 7 ni kichwa kamili. Zidisha 16 kwa 4, kisha kwa 7: dola 448, na katika bajeti yetu hazikuwepo hata moja. Sina ugomvi na wahudumu. Kijana aliyetusafishia chumba tulimwona kazini asubuhi na usiku, siku zote saba, anastahili kila senti. Ugomvi wangu ni na kampuni. Kama mnazikata bila kuniuliza, mpaka nikapange foleni dawatini ndipo nizipinge, kwa nini hazikuwemo kwenye bei mliyonitangazia?

Na wasiseme haiwezekani. Sheria ya California ya bei za wazi ilipoanza kutumika tarehe 1 Julai 2024, kampuni kubwa za meli zilianza kuwaonyesha wateja wa Marekani bei yenye kodi na ada ndani yake. Wakibanwa wanaweza. Bahshishi bado wameiacha nje.

Kilichoniuma zaidi ni kadi. Kila abiria anapewa kadi ya kufungulia mlango wa chumba, na kadi hiyo hiyo ndiyo inayonunulia kila kitu melini. Mdogo wetu aliivaa shingoni kwa kamba, anajidai nayo. Siku ya tatu nikamkuta kwenye mashine za michezo: anagusisha kadi, taa ya kijani inawaka, mchezo unaanza, unaisha, anagusisha tena. Atajuaje mtoto kwamba kila taa ile ni pesa inayoandikwa kwenye akaunti ya chumba chetu? Nikaenda dawati la wageni, wakaifungia matumizi kwa dakika moja. Dakika moja tu! Siku ya kupanda tulisimama pale gatini zaidi ya saa nzima, wakatupiga picha, wakakagua pasi, na hakuna aliyenieleza kwamba kadi ya mtoto inaweza kufungwa.

Soda na intaneti nazo ni za kulipia. Intaneti wanatoza kwa kila kifaa, kwa hiyo tulinunua ya simu moja tukawa tunapokezana.

Halafu, tafadhali sana, msisajili melini kadi ya benki yenye pesa zenu za matumizi kama nilivyofanya mimi. Meli inashikilia kiasi cha pesa zako benki, usiweze kuzitumia, hata kabla hujanunua chochote, na inaendelea kushikilia kadiri unavyotumia. Siku ya tano tumeshuka bandarini, tunataka teksi ya kuturudisha gatini, kadi ikakataa. Mara ya pili ikakataa. Meli inaondoka baada ya saa mbili, watoto wamechoka, mkubwa ameanza kulia. Mwenzangu akafungua mfuko wa dawa, akatoa noti alizokuwa amezikunja ndani ya boksi la panadol. Bila zile noti sijui tungefanyaje, maana meli haimsubiri aliyeshuka kwa mpango wake mwenyewe. Na zile pesa meli ilizoshikilia benki, nyingine hadi leo hazijaachiwa.

Jumla ya nyongeza zote imefika zaidi ya nusu ya nauli tuliyolipa.

Kwa mnaopanga sasa: kabla ya kutoa hata malipo ya awali, dai waandike jumla ya familia nzima, kodi na bahshishi zikiwemo, kwa maandishi. Ukishamaliza malipo, kwetu ilikuwa siku 90 kabla ya safari, kujitoa ni kupoteza pesa.

Nimewaandikia. Wamejibu kwamba yote yamo kwenye masharti. Nimeyasoma usiku mzima, na habari ya bahshishi nimeikuta sentensi moja, chini kabisa, baada ya maelezo ya uzito wa mizigo. Leo asubuhi nimewaandikia tena, nadai angalau pesa za zile mashine za michezo. Kama kuna aliyewahi kurudishiwa, naomba aniambie alipitia kwa nani.