Picha ya babu na behewa la mizigo: nataka kulitengeneza dogo, napimaje?

Mjukuu wa Gadi
Habari za jioni wakuu. Mwezi uliopita tumemhamisha bibi kutoka Kilosa tukamleta huku Ukonga akae na sisi, sasa kwenye sanduku lake la bati tukakuta picha ya babu (marehemu, alikuwa gadi wa treni za mizigo Reli ya Kati) amesimama ameegemea mlango wa behewa. Picha ni nyeusi na nyeupe, nyuma imeandikwa Kilosa kwa peni ya wino, mwaka hakuna. Behewa lina paa, ubavu wa mbao zilizolala, mlango wa kusukuma pembeni, magurudumu manne tu. Kwenye ubavu naona herufi E na A halafu inayofuata imezibwa na bega la babu. Pembeni kuna pipa la mafuta limesimama.

Nataka nilitengeneze hilo behewa kwa mkono, dogo, nimuwekee bibi kwenye kabati maana picha yenyewe haoni vizuri tena, macho yamechoka. Nataka liwe lenyewe hasa, sio behewa lolote. Shida ni vipimo. Nimejaribu kutumia pipa, mapipa ya lita 200 yana kimo cha kama sentimita 88, kwenye skani yangu pipa lina pikseli 110 kwa hiyo kila pikseli ni sentimita 0.8, behewa lina pikseli 825 toka kona hadi kona, hesabu inanipa mita 6.6. Niko sawa au najidanganya? Na ni la miaka gani? Kaka yangu anasema ni la TAZARA, mimi sikubali ila sina cha kumjibu.

Nyongeza: skani ilifanywa na studio moja hapa mjini, wamekata kingo ya kulia bila kuniuliza, ncha moja ya behewa haionekani hata kidogo, pale mwisho nimekadiria tu kwa kuangalia upande wa kushoto.

Fundi Kopo
Mkuu kwanza kabisa rudia hiyo skani, usifanye kitu chochote kabla. Nenda na picha halisi mkononi, waambie waiskani pamoja na ukingo wake mweupe wote, dpi 1200, na wakupe kwenye flashi. Wakikutumia WhatsApp waitume kama dokyumenti, ikija kama picha ya kawaida inabanwa na vile vitu vidogo vyote ribiti, bawaba, herufi za uzito vinageuka ukungu. Halafu hakikisha hawajaigeuza kushoto kulia, angalia vifungo vya koti, koti la mwanaume vifungo vinakaa upande wake wa kulia.

Kuhusu kutengeneza, mimi niko Gerezani natengeneza magari na mabasi madogo kwa makopo ya soda miaka mingi, behewa sijawahi ila kazi ni ileile. Ubavu wa mbao tumia ile plastiki nyeupe ya mabango ya matangazo, mafundi mabango wanatupa vipande kila siku, unachora mistari ya mbao kwa mgongo wa kisu sio makali, ukitumia makali unakata unapata ufa, ukitumia mgongo unapata mfereji na ndio mbao zinavyoonekana zikikutana. Vyuma vyote tumia bati la kopo. Ribiti unalaza bati juu ya kipande cha ndala, unageuza upande wa nyuma, unabonyeza kwa peni iliyokwisha wino, moja moja, kwa rula. Usibonyeze kwa nguvu, ukiona bati limeanza kujikunja umezidisha. Ukimaliza ukigeuza unaona vichwa vya ribiti vimejipanga, mimi nikifika hapo huwa siwezi kulala mpaka nimalize.

Dada Mabehewa
Mjukuu wa Gadi hongera kwa kuitunza hiyo picha, wengi wetu zimeliwa na mchwa.

Pipa umelitumia vizuri ila lina mtego. Kitu kilicho karibu na kamera kinaonekana kikubwa kuliko kilivyo, sasa kama pipa liko mbele ya behewa hata kwa hatua moja, kipimo chako kinalifanya behewa kuwa fupi. Mfano mpiga picha yuko mita 10 kutoka kwenye behewa na pipa liko mita 1 mbele ya behewa, umekosea karibu asilimia 10, mita 6.6 yako kumbe ni mita 7.3. Angalia chini pale pipa linapogusa ardhi, linganisha na pale reli ilipo, kama kitako cha pipa kiko chini sana kwenye picha kuliko reli basi lipo mbele. Kipimo kizuri ni kitu kilichogusana na ubavu wa behewa lenyewe. Na usije ukatumia upana wa reli kupima urefu, watu wengi wanakosea hapo, ule upana unakwenda kwa ndani ya picha sio kwa pembeni, unafaa tu pale picha imepigwa kutoka mbele ya behewa.

Mimi natengeneza mabehewa ya Marekani kwa kipimo cha 1:87, yaani dogo mara 87 kuliko halisi, na kule watu wamelifanya hili jambo kuwa elimu kamili, behewa linakuambia umri wake kwa viungo vyake. Kwa mfano yale mabogi (fremu zinazobeba magurudumu) ya zamani yaliyoungwa kwa vyuma bapa vilivyopinda kama upinde yalipigwa marufuku kwenye mabehewa yanayopita kampuni hadi kampuni mwaka 1941, kwa hiyo ukiyaona kwenye treni ya mizigo ya kawaida picha ni ya kabla ya hapo. Njia ya kutembelea juu ya paa iliacha kuwekwa kwenye mabehewa mapya ya boksi mwaka 1966. Vile vibati vya mistari ya rangi vya kusomwa na mashine vilianza 1967 vikaachwa 1977, ukikiona ubavuni picha haiwezi kuwa ya kabla ya 1967. Tarehe hizo ni za kwao, usizilete Kilosa, ila namna ya kufikiri ndio hiyohiyo. Unatafuta kitu ambacho kabla ya mwaka fulani hakikuwepo na kingine ambacho baada ya mwaka fulani kiliondolewa, umri wa picha unabaki katikati.

Kitu kingine ambacho kinanisaidia sana, kama behewa limekaa mshazari kidogo na unataka kujua katikati yake halisi ni wapi, usipime kwa rula ugawe kwa mbili. Chora mstari kutoka kona hadi kona, halafu kona zile nyingine, pale mistari inapokatana ndio katikati ya kweli hata kama picha inaonyesha upande mmoja mrefu kuliko mwingine. Kila nusu nayo unaifanyia vilevile. Mimi nimepanga milango na nguzo zote kwa njia hiyo.

Rangi usiikisie kwa macho. Filamu za zamani nyingi zilikuwa hazioni nyekundu, kitu chekundu kinatoka cheusi kabisa, na bluu inatoka nyeupe nyeupe. Kijivu unachokiona kwenye picha hakikuambii kitu mpaka umpate aliyeliona lile behewa kwa macho yake.

Mstaafu Tabora
Salaam wote. Nimefanya kazi reli mpaka nikastaafu, sasa nakaa Dar kwa mwanangu, yeye ndiye kanionyesha huu mjadala.

Mjukuu wangu, mwambie kaka yako atazame chini ya reli kwenye hiyo picha. Kama mataruma ni ya chuma hiyo ni Reli ya Kati, TAZARA wao mataruma yao ni ya zege. Na TAZARA ilikabidhiwa 1976 na haipiti Kilosa mjini, inatoka Dar inakwenda Kidatu, Mlimba, Makambako, Mbeya hadi Zambia. Sisi reli yetu upana ni milimita 1000, yao ni 1067, kwa macho huwezi kuona tofauti ya sentimita saba ila behewa la huku halitembei kule, ndio maana pale Kidatu mizigo ilikuwa inahamishwa toka treni hii hadi ile.

Herufi hizo za E na A ni za Afrika Mashariki. Kabla ya hapo reli yetu ilikuwa ya Tanganyika peke yake, mwaka 1948 ikaunganishwa na ya Kenya na Uganda pamoja na bandari, mwaka 1969 bandari zikatengwa na reli, mwaka 1977 jumuiya ikavunjika ndio ikazaliwa TRC, Shirika la Reli Tanzania. Kwa hiyo picha yako haiwezi kuwa kabla ya 1948. Ila usiseme lazima iwe kabla ya 1977, hapo wengi wanateleza. Herufi hazifutwi siku moja, behewa linasubiri zamu yake karakana, lingine linatembea na herufi za zamani limechakaa jua. Herufi inakuambia picha ni kuanzia lini, haikuambii ni hadi lini. Babu yako aliajiriwa lini? Na pete ya ndoa ipo kidoleni?

Rangi, injini za mvuke za Afrika Mashariki zilikuwa damu ya mzee, hilo kila mtu wa umri wangu anakumbuka. Usichukue rangi ya injini ukapaka behewa. Ukipata behewa bovu la zamani lililoachwa pembeni, omba ruhusa, tazama pale nyuma ya bawaba za mlango ambapo jua halifiki, rangi ya kwanza inakuwa imebaki. Na ukipata nafasi ya kwenda Nairobi ingia makumbusho ya reli, kuna injini za mvuke za aina ya Garratt, namba 6006 na ile 5918 iliyopewa jina la mlima wetu wa Gelai, vitu vya enzi hizo unavigusa kwa mkono na unapima kwa futi yako mwenyewe.

Usisahau hozi ya breki mwisho wa behewa.  Ukiisahau mtu wa reli ataona kabla hajaona kitu kingine.

Mjukuu wa Gadi
Shikamoo mzee, na wote asanteni, nimesoma nikarudi kusoma tena.

Mataruma ni ya chuma, yanaonekana vile yalivyokunja ncha, kaka amekubali. Pete ipo. Babu aliajiriwa 1958 na bibi anasema walioana 1962, kwa hiyo picha ni baada ya hapo.

Sasa dada ulivyosema kitu kilichogusana na behewa, nikakaa nikaiangalia picha, kitu kilichogusana na behewa ni babu mwenyewe. Mgongo wake uko mlangoni. Nikamuuliza bibi babu alikuwa mrefu kiasi gani, akanyoosha mkono juu akasema hapa, hiyo sio kipimo. Halafu akasema lakini koti lake lipo. Wakuu, koti lipo! Lile lile la kwenye picha, la ugadi, lipo chini kabisa ya sanduku limefungwa kwenye khanga, kifungo cha pili toka juu ni tofauti na vingine na kwenye picha ukikuza unaona hicho kifungo kimeng'aa tofauti. Nikalilaza kitandani nikapima kutoka mshono wa kola nyuma hadi pindo, sentimita 76. Kwenye picha kutoka pale kola inapokaa hadi pindo ni pikseli 86. Hiyo inatoa sentimita 0.88 na kitu kwa pikseli, behewa linatoka karibu mita 7.3. Ni ileile uliyoitoa kwenye mfano wako wa pipa. Nimepiga hesabu mara tatu. Ekseli hadi ekseli pikseli 430, yaani kama mita 3.8.

Studio nimerudi, safari hii nikasimama nyuma yao, ukingo wa kulia umetoka wote na kuna maandishi madogo chini ya kona ila bado sijayasoma vizuri.

Nimebaki na swali la kipimo. Kwa 1:87 behewa linakuwa sentimita 8.4, bibi hataona kitu.

Dada Mabehewa
Nimesoma hapo kwenye koti nikasisimka mwili. Hicho ni kipimo bora kuliko chochote ambacho ningekupa.

Usifanye 1:87. Fanya 1:22.5, ile ya treni za bustani zenye reli ya milimita 45, sababu reli ya mita moja ukiigawa kwa 22.5 unapata milimita 44 na kidogo, yaani reli zinazouzwa madukani zinaingia sawasawa na reli yetu. Behewa lako litakuwa kama sentimita 32, bibi anaweza kupitisha vidole kwenye mlango akausukuma. Maandishi ya kona yakuzie uyaweke hapa, inawezekana ni uzito wa behewa tupu na wa mzigo.

Fundi Kopo
32 ni saizi nzuri kwa kopo pia, ribiti zitatoka zenyewe. Njoo Gerezani jumamosi na picha, plastiki ninayo, bati utakuja nalo. Magurudumu tutamwona jamaa wa kuchonga vyuma.

Mjukuu wa Gadi
Nakuja fundi. Nimeshakata ubavu mmoja wa boksi la karatasi ngumu kwa vipimo hivyo nikamwekea bibi mapajani, akapapasa mpaka akafika mlangoni akaacha mkono pale.

Mzee Mstaafu, ile hozi ya breki niiweke upande gani, wa mbele au wa nyuma? Kwenye picha naona upande mmoja tu.

Mstaafu Tabora
Pande zote mbili mjukuu wangu. Bomba linapita chini ya kila behewa, treni nzima, kutoka kwa dreva hadi kwenye behewa la gadi, na kule nyuma kuna geji na valvu. Babu yako akiona hatari alikuwa anafungua valvu na treni yote inashika breki yeye akiwa kule mwisho. Weka mbili.